Niliapa kuwa Salha Hapokei Kitu

Alhamisi, baada ya alasiri. Mvua haijakatika toka asubuhi.

Assalaam alaykum, msomaji wangu. Hujambo? Wa nyumbani kwako hawajambo? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio hauna raha.

Nyumba yangu ya wageni hapa Mji Mkongwe ni ndogo, na barua pepe za wageni hujibiwa na Salha, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea mwenyewe. Yuko chuoni Dar es Salaam. Akitoka darasani hukaa kwenye kompyuta. Mzungu akiuliza kama chumba kina chandarua, Salha humjibu kule kule, mimi huku nasonga ugali. Kila mwisho wa mwezi nampelekea mshahara wake. Mimi huuita "ya sabuni". Kwetu mtoto wa nyumbani haajiriwi. Husaidia, nawe ukampa chochote.

Juzi alikuja kijana wa ofisi ya kodi. Kaniamkia shikamoo vizuri, nikamtilia chai. Akaulizia wafanyakazi wangu, nikamtajia mpishi na mfagizi. Akauliza, na hizi barua pepe anajibu nani?

"Mwanangu tu huyo, ananisaidia. Hapokei hata senti. Wallahi."

Hapakuwa na mtu aliyeniambia niape.

Kijana akafunga kalamu yake. "Bi Asha, mtu kama wewe ukishaapa, mie niulize nini tena?"

Chai yake aliimaliza. Yangu ilipoa.

Jana Salha kanipigia simu. Mwalimu wao kawasomesha mambo ya kodi, naye akenda mwenyewe ofisi ya kodi huko Dar kuuliza: mimi nakaa huku, kazi yangu iko Unguja, kodi nilipe wapi? Wakamwambia anayekata ni mwajiri, huko huko aliko. Wakamtaka jina la mwajiri, akawapa langu.

"Kumbe wewe bosi wangu, mama mdogo, na kanga zako miaka yote nakufulia bure," akacheka. Halafu akasema wamemwambia pengine mshahara wenyewe haufiki hata kiwango cha kukatwa.

Yaani nimemtaja Mola wangu kwa kodi ambayo huenda haipo.

Akaniuliza kama watu wa kodi washafika kwangu. Nikasema bado.

Leo nimefunga, siku ya kwanza ya tatu, nia yangu kafara ya kiapo. Lakini njaa yangu haifuti alichoandika yule kijana. Karatasi zake na za Dar zikikutana, mmoja wetu, mimi au Salha, ataonekana muongo, na mwenye tasbihi mkononi ni mimi. Wataniamini mimi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kesho Ijumaa ofisi hufungwa mapema, kwa hiyo nnakwenda asubuhi. Sitosema ulimi uliteleza, maana haukuteleza. Nitasema nilisema uongo, na Salha ni mfanyakazi wangu.

Salha, wewe ndiye uliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni, na najua hupita kuusoma. Kwenye simu nilishindwa, mwanangu. Sauti yako ilikuwa na furaha mno.

Ukishasoma, nijibu upesi. Hata neno moja.