Mapipa ya Maji ya Kilwa

Jumatatu, 12 Novemba 1906
Kwii. Kitambaa chenye siki kikisugua kioo. Jana niliisikia sauti hiyo hata kanisani, katikati ya sala. Leo tena, kwa kweli: siku ya kusafisha sanduku la kioo la samaki la Bwana Daktari, Mjerumani ninayemtumikia.

Samaki kwanza, kwenye beseni la mti pamoja na maji yake. Maji yaliyobaki nayachuja kwa kitambaa, yaingie pipani. Sanduku likiwa tupu ndipo siki, tena iliyozimuliwa kwa maji mengi, mpaka ukoko wa chumvi uachie. Sabuni kamwe. Kisha maji ya mtoni, tena na tena, mpaka pua isisikie siki. Mgongo unauma. Samaki amebaki mmoja, wa manjano. Nikigusa kioo hukifuata kidole changu.

Jumatano, 14 Novemba
Sikumwaga hata kata moja. Maji haya ya bahari yalitoka Kilwa vichwani mwa watu. Wengine hawakurudi. Yakiharibika, watatumwa wengine. Ndiyo sababu nasafisha kwa uangalifu. Si kwa kumpenda Bwana.

Mzee Athumani, mpishi, mtu wa pwani, ananitania. "Binti, huyo samaki ana wapagazi wengi kuliko sultani. Na kitoweo hatoshi!" Nilicheka. Kisha nikaona aibu. Kwetu kijijini Mshangano vita vimeacha majivu, watu wanachimba mizizi porini.

Jumamosi, 17 Novemba
Bwana Daktari amenusa maji. Yanaoza, asema. Mapipa yaende Kilwa wiki ijayo kuleta maji mapya, wapagazi watoke Mshangano. Jumbe wa kijiji ametaja majina. La kaka yangu limo.

Kaka ametoka kifungoni kwenye boma la Wajerumani juzi juzi. Mapaja yake kama mikono yangu. Hafiki hata Tunduru. Nachukia. Sijui nianze na nani.

Jumapili, 18 Novemba
Sikuweza kusali. Mama alipika mizizi, bila chumvi. "Kula, baba, safari ni ndefu," alimwambia kaka. Naye akacheka: "Mama, hii itanifikisha mlangoni tu." Mama hakucheka.

Kesho nasafisha tena. Bwana anataka kioo king'ae.

Alhamisi, 22 Novemba
Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo hadi jikoni.

Samaki alikufa Jumatatu alasiri. Bwana Daktari alisema ni yale maji, amechelewa kuagiza mengine. Amemtia kwenye chupa ya spiriti, atampeleka Ulaya. Wa kwenye chupa hahitaji bahari. Mapipa yamefunikwa kifudifudi nyuma ya jiko. Kaka yuko nyumbani, analima polepole, akipumzika kila tuta.

Mzee Athumani aliliinamia sanduku tupu, akanusa. Akanitazama. Hakunitania. Alichota maji ya mtoni akalisuuza mwenyewe, mara nyingi.

Jumatatu siki sikuizimua, wala kioo sikukisuuza. Nilipomrudisha samaki ndani, alikifuata kidole changu kama kawaida.