Midomo Uliyomwachia Neema

Papa,

Nyumba yetu ya Majengo ingali inanuka samaki wako wa chumvi wa Vitshumbi, kule ziwani, ingawa Mama sasa anauza maharage. Wengine wamezoea kula bila wewe. Mimi sijazoea.

Nakuandikia habari za Neema, kitindamimba wako. Jino lilimsumbua, nikampeleka kwa daktari wa meno. Nilidhani atang'oa tu, turudi. Kumbe aliacha jino, akabaki akitazama vile vinundu vya ulimi wake, nchani na pembeni. Akagusa midomo yake minene kama yako, kisha akaniuliza: “Nani mwingine kwenu iko na ulimi ya hivi?”

Nilicheka, Papa. Nikamjibu kwa maringo kwamba hiyo ni alama ya ukoo. Unakumbuka alipoanza kuota meno? Ulimfungua kinywa mbele ya mashangazi wote, ukasema: “Huyu ni wangu, muangalie ulimi.” Nami niliyezaliwa na ulimi mtupu nilikuwa najitazama kwenye kioo, nikitafuta hata kinundu kimoja. Nilimwonea wivu.

Daktari hakucheka. Alinieleza taratibu kwamba vinundu hivyo ni uvimbe wa neva. Vyenyewe haviui, lakini ni nadra sana, na aliye navyo mara nyingi hupata saratani ya tezi ya shingo. Nilipomwambia kwamba ulikuwa navyo na umekufa, akauliza ulikufa kwa ugonjwa gani. Nikagusa shingo yangu, pale uvimbe wako ulipokuwa.

Sisi uvimbe huo tuliuita rovu. Huku kwetu milimani nani hajaona rovu? Shangazi alikuambia ule chumvi, dawa ya rovu, ukamjibu: “Mutu wa kuuza samaki ya chumvi, akose chumvi?” Tulicheka sote, huku shingo yako ikiendelea kuvimba. Nina hasira, Papa, na sijui nimkasirikie nani.

Neema amepimwa. Tezi yake imeanza kuharibika, ila ni mapema. Wataitoa Jumatatu, naye atameza dawa maisha yake yote. Alikataa katakata, akanuna, hata chakula hakugusa. Mwishowe alimuuliza daktari wa upasuaji jambo moja tu: “Na midomo ya Papa, mutaikata?”

Akaambiwa hapana, midomo na ulimi vinabaki. Ndipo akakubali.

Pumzika, Papa. Jumatatu nitakuwa pale mlangoni. Akizinduka nitamfungua kinywa kama wewe, nimwambie bado ni wako.

Masika, binti yako mwenye ulimi mtupu