Janti Kando ya Sebeya

Mujukuu wangu Solange,

Tuko wazima, sisi wa Nyakiriba. Shangazi yako anavuka mupaka pale Grande Barrière kila asubuhi, anaenda kuuza karoti zake. Mi magoti inakataa mulima.

Unauliza juu ya vile vimashini munatia ndani ya muto kwa kazi yenu, vya kupashana habari ya maji kupanda: kimoja kikiwa na mashaka, kipitishe habari ao kinyamaze, watu wasichoke bure?

Nilipokuwa musichana, kila nyumba kando ya muto Sebeya ilitundika janti, ile chuma ya gurudumu ya gari. Wa juu akiona maji inapanda, anagonga. Jirani akisikia naye anagonga, mupaka chini. Lakini muzee wa juu yetu aligonga hata kwa mawingu tu. Mara tatu watu wa chini walikimbia bure na magodoro yao, na sababu walisikia kwangu, mi ndiye walitukana.

Mara ya ine nilikuwa nachambua maharagi. Nikasikia, nikashika nyundo. Bon, nikasema ningoje agonge tena, nisichekwe.

Hakugonga tena. Maji ilikuwa imemufikia. Ikapita bondeni, chini ya nyumba yetu, ikaenda kwa rafiki yangu Maria na mama yake.

Siku ya kuwazika nilisema sikusikia janti, mvua ilifunika sauti. Babu yako alikufa anaamini hivyo.

Labda mashini haiogopi kuchekwa. Janti ingali nyuma ya nyumba. Mvua ikinyesha naigonga, hata kama kule chini hakuna mutu anaishi tena.

Nyogokuru wako