Kamba ya Nyuzi Sita

Jumamosi, Mau Narok

Shemeji yangu Kiprono leo amenyamaza, Mungu ni mwema. Juzi aliicheka kamba ya upinde niliyomsokotea. "Nyuzi sita tu, shemeji? Hii ni ya kushonea kaptula!" Akajisokotea yake ya nyuzi ishirini, nene kama ya kufungia ng'ombe.

Leo kwenye mashindano ya kulenga shabaha, kamba yake haikuingia kwenye mwanya wa nyuma ya mshale. Alipolazimisha, mshale ukaanguka miguuni pake. Hata kuku hawakukimbia.

Jioni akabisha hodi kwangu, sauti ndogo. "Nipe ile nyembamba." Nikampa kwa maringo.

Ukweli ni kwamba sijaijaribu. Ikikatika akivuta, upinde alioachiwa na marehemu baba mkwe utafyatuka ghafla na kupasuka. Kesho asubuhi nitaenda kumwambia, na atanicheka tena. Wacha acheke.