Zidaka za Mtongwe

Frere Town, Jumamosi, 1947. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na sketi yangu bado ina matope ya Mtongwe. Nina hasira, na sioni haja ya kuituliza.

Leo nimeipoteza nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Nimeipoteza kwa kinywa changu mwenyewe.

Tangu mwaka jana, wasichana ninaowafundisha kuchora wakifunga shule, mimi huvuka kwenda Mtongwe, kwenye nyumba ya mawe ya Bi Rukia. Ukutani mna zidaka, mashubaka ya kuwekea vyombo, yaliyonakshiwa kwa chokaa. Nimeyachora yote. Macho hayakunitosha, nikajifunza kukoroga chokaa na kukata nakshi kwa kisu. Mikono ndiyo iliyonifunza: chokaa hukatwa ingali mbichi, palepale ukutani.

Leo alikuja yule Mzungu mtaalamu wa majengo ya kale, aliyeniahidi nafasi ya chuo ng'ambo. Akaisifu michoro yangu, akasema ataitia katika kitabu chake. Kisha akasema nakshi zile ziliagizwa Uajemi, zikabandikwa tu.

Nikamwonyesha mahali kisu cha fundi kilipoteleza, kikalikwaruza jiwe la ukuta. Hakuinama hata kutazama.

"Mwalimu, una mkono mzuri. Wewe chora. Historia tuachie sisi."

"Basi michoro niachie mimi, Bwana."

Akacheka. Aliponiona naikunja, akaacha kucheka, akanikumbusha chuo. Niliendelea kukunja.

Alipoondoka, Bi Rukia aliniuliza kulikoni, nikamweleza.

"Ukuta ni wangu, mwanangu, na picha ni zako," akasema. "Yeye ana nini hapa? Wallahi, asirudi."

Kivukoni nililia. Nilikitaka chuo kile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Lakini sitaki kwenda kukaa mbele ya watu nisikie kwamba nyumba zetu zilijengwa na wengine, nami nimenyamaza kwa sababu nimelipiwa nauli.

Jumatatu wataniuliza shuleni: kwani wewe ni mchoraji au mwanahistoria? Nimechoka na swali hilo. Mkono unaokata chokaa ndio huu unaoandika.

Kitabu nitakiandika mimi, na michoro yangu ndani yake, na jina langu juu. Pengine hakuna atakayekipiga chapa. Pengine atakayekitaka ni Bi Rukia peke yake, naye hajui kusoma.

Nitamsomea.