Sekunde Themanini za Pipa

Jumapili, 3 Machi

Leo miezi kumi na minne na siku tisa tangu niondoke nyumbani. Ruhusa imetiwa saini: wiki mbili, kuanzia Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Mama watoto anasema kitinda mimba siku hizi kila simu ikilia anaikimbilia na kusema "Baba". Hata akipiga fundi cherehani.

Mgongo unauma. Dobi letu linafua mashuka ya hospitali tatu, na shuka bichi ni zito kama mtu aliyelala. Kazi yangu ni mashine ya kukamua. Pipa la chuma, mashuka themanini kwa mkupuo, linazunguka mara kumi na tano kwa sekunde. Ukizima, breki inakaza, pipa linasimama sekunde ya sitini; kufuli ya mfuniko inangoja hizo sitini halafu inaachia. Hapo mwenzangu anazamisha mikono na kuchomoa mashuka. Tunamwita Mapema, kwa kuwa mkono wake umo ndani kabla mfuniko haujainuka vizuri.

Jana msimamizi katangaza: tarehe kumi na moja fundi anafunga puli mpya, lile gurudumu la mkanda wa mota. Pipa litazunguka mara ishirini kwa sekunde, mashuka yatoke makavu zaidi. Nikauliza, na sekunde za kufuli? Akasema breki ni ile ile, kufuli ni ile ile, na wewe maswali yako ni yale yale. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Lakini sikupenda.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia shemeji, mdogo wake mama watoto, anayefundisha fizikia. Mimi fizikia niliiacha kidato cha pili — au yenyewe iliniacha. Akaanza: "Shemeji, wewe na mchapuko wapi na wapi? Dada aliniambia umeenda kufua." Nikamwambia nafua kweli, sasa nifundishe.

Mchapuko ni kile kinachoongezeka au kupungua kwenye mwendo kila sekunde. Wa pipa langu ni wa kupungua. Kama breki inakaza vile vile mwanzo hadi mwisho, kila sekunde inamega kipande kile kile. Kumi na tano gawa kwa sitini: robo mzunguko. Basi kila sekunde robo inaondoka. Kitabu chake kinapima kwa radiani. Nikasikia redio, nikamuuliza betri inaingia wapi. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema radiani tuziache zilale, hesabu mizunguko yako.

Akanitega: mpaka linasimama limezunguka mara ngapi? Wastani wa mwendo ni saba na nusu, mara sekunde sitini — mia nne na hamsini. Nilipata peke yangu! Akauliza tena: na katika nusu ya muda, sekunde thelathini za kwanza? Nikajibu haraka, mia mbili ishirini na tano. Kosa. Mwanzoni pipa linakimbia, mwishoni linajikokota. Nusu ya muda ikiisha, robo tatu ya mizunguko imeshakwenda. "Hapo ndipo darasa langu zima linapoteleza, shemeji. Karibu, kaa dawati la mbele."

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji alisema breki usiiamini mpaka uipime. Leo nimefunga kipande cha plastiki kwenye mhimili, kwa nje, kila mzunguko kigonge chuma. Nikarekodi kwa simu, kisha nikasikiliza kuanzia mwisho kurudi nyuma. Sekunde nne za mwisho: mapigo mawili. Nane za mwisho: manane. Kumi na mbili: kumi na manane. Muda mara mbili, mizunguko mara nne. Muda mara tatu, mizunguko mara tisa. Ndivyo alivyosema itakuwa breki ikikaza sawasawa! Breki haibadiliki njiani.

Basi ishirini gawa kwa robo. Themanini. Nimeandika ukutani kwa penseli, juu ya swichi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimechoka. Hospitali moja imeleta na mapazia. Msimamizi kafuta ukuta.

Jumatatu, 11 Machi

Puli imefungwa alasiri. Nikasema siwashi mpaka kufuli iwekwe sekunde themanini. Fundi akasema yeye kubadilisha anaweza, bila amri hawezi.

Msimamizi akaomba penseli. Si mjinga, hesabu anajua. Kwa sekunde sitini pipa litashuka kutoka ishirini hadi tano, wastani kumi na mbili na nusu, jumla mia saba na hamsini. Mpaka kusimama kabisa, mia nane. Akanisukumia karatasi: "Mia saba na hamsini kati ya mia nane. Zimebaki chengachenga, unanisimamishia kazi?"

"Bosi, chengachenga hizo zinakwenda mara tano kwa sekunde."

Mapema akaingilia: "Mkono ni wangu, kaka, mbona unaulilia wewe?"

"Kwa sababu hayo mashuka ya damu nitayafua mimi."

Hakuna aliyecheka. Msimamizi akakunja karatasi. Kesho asubuhi tunajaribu, mzigo kamili. Mfuniko ukiachia na pipa limesimama, ruhusa yangu nitaisikia mwezi wa sita.

Nikasema sawa. Nilishangaa sauti yangu ilivyotulia.

Jumanne, 12 Machi, asubuhi

Naandika stoo, nimekalia gunia la sabuni. Mashuka themanini, nimeyahesabu mwenyewe. Pipa limeshika kasi yake yote, unasikia hata sakafu inanguruma. Dakika nne, halafu naenda kuzima.

Msimamizi kavua saa, kaishika mkononi. Fundi katoa bisibisi ya kufuli kwenye boksi, kaitia mfuko wa shati. Hajaambiwa na mtu.

Mapema alinifuata hapa mlangoni. "Kaka, ile ya themanini, una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Akatia mikono mifukoni, akarudi ndani. Sijawahi kumwona na mikono mifukoni kazini.

Mama watoto nimeshamtumia ujumbe. Nimeandika naondoka huku Jumamosi alfajiri na basi la kwanza. Jioni, kabla hamjawasha taa, niko mlangoni.