Mlango wa Banda la Ruksa

Baba yangu,

Nakuandikia kwa sababu ya mbwa. Najua ungecheka. Tangu tukuzike pale nyuma ya migomba nimeolewa, nimezaa mara mbili, nimehamishwa kazi, na sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshika kalamu kwa ajili ya mbwa. Lakini kuna swali nilikuuliza nikiwa na miaka tisa, hukunijibu, na unanijua nilivyo.

Unamkumbuka Ruksa. Ulimleta kutoka Kiwira kwa miguu, umemficha ndani ya lile koti lako la mitumba, pua tu ndiyo inachungulia kifuani. Mama alipouliza mbwa anaitwa nani ukamjibu, "Ruksa. Si kila kitu siku hizi ni ruksa?" Ilikuwa miaka ile watu walipoacha kupanga foleni ya sabuni, maduka ya Tukuyu mjini yakajaa vitu ambavyo sisi watoto hatukujua hata vinatumikaje, na neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Kuchoma mahindi kando ya barabara, ruksa. Kufungua kibanda cha chai mbele ya nyumba yako, ruksa. Mbwa peke yake ndiye hakuwa na ruksa ya kitu chochote. Mchana kutwa alifungiwa bandani ili awe mkali. Jioni ulisimama uani, ukamwita jina, ukafungua komeo, naye akatoka mbio na kuzunguka migomba mara tatu kabla hajakumbuka kuja kukusalimia.

Lile banda ulilijenga mwenyewe kwa mabanzi ya mbao, ukaziba kila ufa kwa udongo kama mtu anayejenga chumba cha mzazi na kichanga chake. Mlango ulikuwa mdogo, umeutazamisha kwenye ukuta wa stoo, upande ambao mvua haipigi. Sisi watu wa Rungwe tuna maadui wawili tu tunaowajua kwa majina, mvua na baridi, na banda la Ruksa lilijengwa kupigana na hao wawili. Hakuna aliyefikiria jua.

Mwaka ule tulipoezeka nyumba kwa bati, likabaki bati moja. Mama alilitaka kwa ajili ya banda la kuku. Ukakataa. "Mimi nilale chini ya bati, mbwa wangu alale chini ya nyasi? Watu watasemaje?" Ukapanda juu ya banda, ukang'oa nyasi, ukagongelea bati jipya linalong'aa. Pale kijijini kwetu Kinyala watu walikuja kulitazama kweli. Mama Atupele, jirani yetu wa upande wa chini, aliligonga kwa kidole, akatikisa kichwa. "Mwe, Baba Tupo, mbwa wako amenipita mimi." Ulitembea umenyoosha mgongo wiki nzima.

Kisha ikaja Oktoba. Wageni hudhani kwetu hakuna joto, kwa sababu wanatukuta na masweta. Hawajui ile miezi kabla ya mvua, ukungu unapoondoka mapema na jua linashuka moja kwa moja juu ya kichwa cha mtu. Ruksa akaanza kugoma. Kila asubuhi ilibidi umvute kwa kamba mpaka mlangoni, miguu ya mbele ameikaza ardhini. Ulisema amedekezwa, na ulinitazama mimi uliposema hivyo.

Siku yenyewe nilikuwa nampelekea mabaki ya ndizi mchana. Nilifungua mlango, hakuinuka. Alikuwa amelala ubavu, ulimi umetoka wote, anahema haraka haraka bila kupumzika, mate yanadondoka, na kopo lake la maji limepinduka. Niligusa bati nikatoa mkono upesi.

Nilikukimbilia sebuleni. Ulikuwa unakula peke yako kwenye meza yako, kama kawaida. Mimi na mama tulikula jikoni, wewe ulikula sebuleni, na nyumba zote nilizozijua zilikuwa hivyo hivyo. Nikasema, "Baba, Ruksa hapumui vizuri."

"Mbwa ndivyo wanavyopumua."

Mtoto mwingine angeondoka. Mimi nilibaki nimesimama, nikauliza kile kilichokuwa kinanisumbua kweli. "Baba, ndani kukoje?"

Uliacha kutafuna. Nadhani hukuwa umewahi kujiuliza. Ukanawa, ukatoka.

Ulimbeba Ruksa mpaka kwenye kivuli cha migomba. Mama akaja na ndoo, akanizuia mkono nilipotaka kumwagia kichwani. "Tumboni, Tupo. Na kwenye nyayo. Polepole." Tukalowanisha gunia tukamlaza juu yake, tukampepea kwa jani la mgomba. Nilikuwa nahesabu anavyohema na nilishindwa, alikuwa ananipita. Nilimwomba Mungu mbwa asife, nikamwahidi mambo mengi ambayo sikuyatimiza. Baada ya muda mrefu akainua kichwa, akalamba maji mara mbili, akalala tena. Mama akasema sasa ataishi.

Ndipo ulipofanya kitu ambacho watu wa Kinyala walikisimulia mpaka siku ya msiba wako. Ulipiga magoti, ukaingia kwenye banda la mbwa. Uliingia kichwa kwanza, mpaka ikabaki miguu tu nje, na nyayo za makatambuga yako ya matairi zimetazama juu. Ukakaa humo.

Mimi na mama tulikuwa tumerudi mlangoni pa jikoni. Mama alijaribu kutocheka, akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakamsaliti. Mara akapita Mama Atupele na kikapu chake cha majani ya chai, akaona ile miguu. Akasimama. "Mwe, Mama Tupo. Mume amekosa nini mpaka kahamishiwa huko?" Hapo tuliishiwa nguvu. Tulicheka mpaka mimi nikakaa chini, na wewe bado hukutoka. Ulikaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa mtu kujua kwamba kuna joto.

Ulipotoka shati lilikuwa limegandana na mgongo. Hukutukemea. Ulisema maneno mawili tu, "Moto fijo," moto sana, ukaenda kukaa karibu na Ruksa, mkono juu ya shingo yake.

Kabla jua halijazama ulikuwa umeling'oa lile bati, watu wakiona. Najua lilikuuma. Uliezeka upya kwa nyasi nene na majani makavu ya migomba, ukaacha paa lining'inie mbele kama kofia. Ukabomoa mabanzi mawili kule juu. Ukaliinua banda kwenye mawe manne. Ukachukua chungu cha mama kilichopasuka mdomo, ukakizika mpaka shingoni, ukakijaza maji. Nami nilikufuata nyuma kwa maswali, na siku ile ulijibu yote ila moja.

"Kwa nini mawe?"

"Upepo upite chini."

"Kwa nini chungu?"

"Kopo linapinduka. Na linachemsha maji. Chungu kinapoza."

Halafu ukachukua mtaimbo, ukalizungusha banda zima, jasho linakutoka, mpaka mlango ukatazama jikoni.

"Baba, kwa nini umegeuza mlango?"

"Leta nyundo."

Mtaimbo ulikuwa umeshautupa, na nyundo ilikuwa mkononi mwako.

Swali ndilo hilo, Baba. Nimelibeba mpaka ukubwani. Upande wa jikoni ndiko mvua inakotokea, na ilipoanza ilibidi utundike gunia mlangoni. Jua la asubuhi liliingia mle mle. Niliwahi kufikiri ni upepo, nikachunguza, upepo hautoki huko. Nilifikiri ulitaka Ruksa alinde chungu cha nyama. Mama nilipomuuliza alisema, "Baba yako alikuwa na yake."

Sasa sikia. Nimehamishiwa Kyela. Huku ni mwendo mfupi tu kutoka kwetu ukiteremka, lakini joto lake ni la nchi nyingine, watu wanalala na madirisha wazi. Nina mbwa jike, mweusi. Nilimjengea banda chini ya mikokoa, na nilifuata yako yote, nyasi nene, uwazi juu, mawe manne, chungu kimezikwa. Mlango fundi aliuelekeza kwenye uzio kwa sababu ya jua la alasiri, nami nikaona ana akili. Lakini kila mchana mbwa analia. Maji anayo, kivuli anacho, halii usiku, analia tunapokula.

Jumapili iliyopita nilishindwa. Wanangu na baba yao walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanakula. Nilijiuliza lile swali langu la zamani, ndani kukoje, nikapiga magoti nikaingia.

Ndani hakukuwa na joto, Baba. Kulikuwa na ubaridi mzuri hata. Nilichokiona ni mbao za uzio. Nilichokisikia ni vijiko, mume wangu anauliza nani kamaliza samaki, halafu binti yangu mdogo akaona miguu yangu, wote wakaanza kucheka. Nilikuwa hatua sita kutoka kwao. Niliwasikia wote na sikumwona hata mmoja.

Hapo nikatusikia sisi. Mama na kanga yake mdomoni, mimi, Mama Atupele. Ulilala mle ukisikiliza nyumba yako ikicheka, kama ulivyoisikia kila mchana kupitia ukuta wa sebuleni, sahani yako mbele yako.

Huenda nakuzulia. Lakini kuna kigoda. Wiki ile ile ulichukua kigoda na sahani yako ukaja kukaa mlangoni pa jikoni. Mama alishtuka, akakuuliza, "Meza ina nini?" Ukasema haina kitu. Hukurudi kula sebuleni tena, labda akija mgeni. Miaka yote hii sikuwahi kuweka kigoda na mlango pamoja. Nilikuwa natafuta upepo.

Nilitoka, nikamwita mume wangu, tukageuza banda mpaka mlango ukatazama mkeka wetu. Binti yangu alitufuata nyuma, ana miaka saba na amenirithi mdomo. "Mama, kwa nini tunageuza mlango?"

Nilikuwa na nyundo mkononi. Nusura nimwambie alete nyundo. Kisha nikakaa chini nikamjibu.

"Kwa sababu babu yako alikuwa anakula peke yake," nikasema, "na sisi tulikuwa hatujui."

Nakuacha hapa, Baba. Ni saa ya chakula na mbwa amenyamaza.

Binti yako,
yule wa maswali